Rejeta Isiyopata Moto



Sisi watu wa Kirando ni watu wa jua. Mbele yetu ni Ziwa Tanganyika, nyuma yetu ni milima mikali ipandayo Ufipa, na katikati ni joto. Mtoto wa kwetu hulala dirisha wazi, na shuka moja humtosha mwaka mzima. Basi mtu wa Kirando akiwaambia kwamba atazungumza juu ya kupasha nyumba moto, mna haki ya kucheka. Walakini msicheke upesi. Jambo hili lilikuwa karibu kunitoa roho mimi mwenyewe nilipokuwa kijana, na miaka mingi baadaye lilikuwa karibu kumchukua mtoto wa dada yangu katika nchi ya mbali. Sikilizeni habari zote mbili, maana ya kwanza ndiyo iliyonipa maneno ya kusema katika ya pili.

Nalipanda Ufipa kwa mara ya kwanza kwenda kusomea ualimu. Uso wa ziwa letu uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800. Wataalamu hutufundisha kwamba, kwa kawaida, hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi kwa kila mita 1,000 mtu apandazo. Hesabu hiyo nalijifunza darasani baadaye. Usiku wa kwanza nalijifunza kwa meno yangu yaliyokuwa yakigongana. Ulikuwa mwezi wa Juni, na upepo wa nyandani ulipita katika nguo zangu kana kwamba sikuvaa kitu.

Tulikuwa vijana watano katika chumba kimoja. Usiku wa tatu mwenzetu mmoja akaleta jiko la mkaa kutoka jikoni, mkaa umekwisha kuwa mwekundu, moshi hakuna. Tukashangilia. Tukaziba dirisha kwa gunia, tukasukuma matambara chini ya mlango ili joto lisitoke, tukalala. Mimi nalifurahi kuliko wote, maana kwa mara ya kwanza tangu kufika nalisikia kama niko kwetu.

Usiku wa manane mmoja wetu aliamka atoke nje kwenda haja. Kichwa kilikuwa kikimpasua na miguu haikumtii. Alipofika mlangoni akaanguka, na katika kuanguka akaushika mlango, ukafunguka. Kishindo hicho kikamwamsha mwalimu wa zamu, naye akatukuta tumelala kama magogo. Wawili walitolewa wakiwa wamezimia; sisi wengine tulitapika mpaka alfajiri. Mungu ni mwema, hakufa hata mmoja. Lakini lau mwenzetu asingeamka, mlango usingefunguliwa mpaka kengele ya asubuhi.

Mkuu wa chuo hakutupiga wala hakututukana. Alituketisha chini ya mti pamoja na lile jiko, akatueleza. Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, na mahali palipofungwa hewa hiyo huzidi kujaa. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Moshi humwasha mtu macho akakimbia, lakini hii humbembeleza alale. Damu yetu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, ile hewa ya uhai. Basi kifua hupanda na kushuka kama desturi, lakini mwili una njaa ya hewa. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu wa miguu. Na aliyelala hazisikii dalili hizo.

Kisha akatufundisha jambo ambalo sijalisahau. Usiku ule ule akaagiza maji yapashwe moto huko jikoni, yasichemke, yatiwe katika chupa zenye vifuniko vizuri, na kila chupa izungushiwe kitambaa. Kila mmoja wetu akapewa chupa ya kuweka miguuni chini ya blanketi. Akasema, "Vijana, moto ubaki nje, joto liingie ndani. Maji yatawaletea joto bila kuwaletea sumu." Tukalala vizuri, na asubuhi tukaamka wote watano.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza. Sasa nije katika ya pili.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alizaliwa hapa hapa Kirando, akasoma kwa bidii, akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza katika mji wa Leeds. Alipanga chumba katika nyumba ya zamani pamoja na wanafunzi wenziwe. Jioni moja ya mwezi wa Januari akanipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako inatetemeka?"

"Ni baridi, mjomba. Rejeta ya chumba changu haipati moto. Lakini msiwe na wasiwasi, nimenunua dukani kijiko cha bati cha kuchomea nyama, na mkaa wake. Nitakiwasha humu chumbani kwa saa moja tu, nipate usingizi."

Wasikilizaji wangu, nalisimama. Nikaliona tena lile gunia la dirishani. Nikamwambia, "Kabla hujanena neno jingine, chukua kijiko hicho na mkaa wake ukavitoe nje ya nyumba. Nitangoja hapa hapa." Akasitasita, kisha akatii. Aliporudi nikamsimulia habari ya wale vijana watano, ambayo hata mama yake sikuwa nimepata kumweleza. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mjomba, kuna kidude cheupe jikoni ukutani, husemwa kwamba hulia hewa hiyo ikizidi." Nikamjibu kwamba ni kweli, tangu Oktoba 2022 sheria ya huko England humtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke chombo hicho katika chumba chenye mtambo wa moto uliojengewa humo. Lakini chombo cha jikoni chini hulinda jikoni. Yeye alikuwa amelala juu, mlango umefungwa. Asingekisikia.

Labda mmoja wenu atauliza, hiyo rejeta ya nyumba ni kitu gani? Rejeta ya gari mnaijua. Malori yapandishayo samaki kutoka ziwani kwenda Namanyere na Sumbawanga hubeba dumu la maji, na mlimani utingo hutazama rejeta isije ikakauka. Katika lori maji huzunguka ndani ya injini, huchukua joto lake, hulipeleka katika rejeta, na upepo hulipokea. Lori hutaka kulitupa joto. Nyumba za nchi za baridi hutumia maji kwa njia ile ile, lakini joto lisilotakiwa katika lori ndilo litakiwalo chumbani. Mtambo mmoja, aghalabu wa gesi, hupasha maji moto mahali pamoja. Moshi wake hutoka nje kwa bomba lake mwenyewe. Pampu huyasukuma maji hayo katika mabomba mpaka kila chumba, ambamo kuna sanduku bapa la chuma ukutani. Maji yakipita ndani ya sanduku, chuma hupata moto, hewa ya chumba huigusa, ikapanda, na hewa ya baridi ikaja mahali pake. Maji yaliyopoa hurudi kwenye mtambo, yakapashwa tena.

Mmeona? Ni ile ile chupa ya mkuu wa chuo, ila imefungwa ukutani nayo hujazwa mchana na usiku. Moto hubaki mahali pake, na joto huingia chumbani.

Basi nikamwambia mpwa wangu, "Joto ni msafiri. Likikosa kufika, usiwashe moto mwingine. Tafuta njia ilipoziba. Hebu iguse rejeta yako kwa mkono, polepole, chini, katikati, juu, kisha uniambie."

Akaigusa. "Chini ni moto, mjomba. Juu ni baridi kama jiwe."

"Na rejeta za wenzako?"

"Zao ni moto zote."

Hapo nikajua nusu ya habari. Maana kama rejeta zote zingalikuwa baridi, kosa lingalikuwa kwenye mtambo au pampu. Kama yake pekee ingalikuwa baridi yote, tungalitazama koki iliyo ubavuni mwake, ile yenye namba kutoka 0 mpaka 5. Pengine imefungwa, au kijiti cha ndani kimenata, kama inavyotokea koki ikikaa miezi ya joto bila kuguswa. Lakini moto chini na baridi juu ni ishara ya jambo moja: hewa imeingia ndani, ikapanda juu, ikakaa.

Akaniuliza, "Hewa nyepesi hivyo yawezaje kuyazuia maji yasukumwayo na pampu?"

Nikamwambia, "Umesahau ziwa la kwenu. Ulipokuwa mtoto ulicheza na kibuyu pale ufukoni. Ukikizamisha kinywa chini, maji huingia?"

"La, mjomba, hayaingii. Hewa huyazuia."

"Na ukikiinamisha kidogo?"

Akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile. "Hutoa mapovu, bu-bu-bu, kisha kinajaa."

Ndiyo habari yote. Rejeta ile ilikuwa kibuyu kilichozamishwa kinywa chini. Hatuwezi kuiinamisha, maana imefungwa ukutani. Lakini walioitengeneza waliweka kijitundu juu, pembeni, chenye msumari mdogo wa pembe nne, ili hewa itolewe hapo. Nikamtajia hatua moja moja, naye akaziandika. Ninazisema tena leo, kwa kuwa wako watoto wetu wengi walioko nchi za baridi, na barua au simu kutoka nyumbani yaweza kuwafaa.

Kwanza, zima mtambo, ungoje mpaka rejeta ipoe. Maji yaliyomo ndani huweza kumbabua mtu. Asiyekuwa na subira ya kungoja atakuwa na subira ya kuuguza kidonda.

Pili, tafuta ufunguo wake. Ni mdogo kama kidole, una tundu la pembe nne, huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo. Usitumie koleo, maana msumari ule ni laini, ukikwaruzwa pembe zake huisha.

Tatu, shika kitambaa chini ya kijitundu, na kikombe juu ya kitambaa.

Nne, zungusha ufunguo polepole kuelekea kushoto, robo ya mzunguko, au nusu isipotosha. Utasikia sauti kama ya nyoka: hewa inatoka. Usizungushe mpaka msumari utoke wote, maana hapo maji yataruka na hutaweza kuurudisha.

Tano, sauti ikikoma na maji yakitoka mfululizo bila mapovu, funga mara moja, usikaze kupita kiasi.

Sita, nenda katazame saa ndogo ya kanieneo iliyo kwenye mtambo. Kwa mitambo mingi ya nyumbani mshale hutakiwa uwe kati ya bar 1 na bar 1.5 mtambo ukiwa baridi. Kutoa hewa huushusha. Ukiwa chini, maji huongezwa kwa kufuata kitabu cha mtambo, au huitwa mwenye nyumba. Kisha washa tena.

Mpwa wangu akakata simu, akaenda kuazima ufunguo kwa jirani. Mimi nikakaa barazani nikitazama taa za wavuvi ziwani. Siwezi kuwaambia kwamba nilitulia. Baada ya saa mbili simu ikalia.

"Mjomba, imepata moto mpaka juu! Lakini maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama wino."

Nikamshukuru Mungu, kisha nikamwambia asidharau ule weusi. Ni kutu. Rejeta nyingi ni za chuma, na chuma kikiliwa na maji hutoa uchafu mweusi ushukao chini kama tope mtoni. Siku utakapoiona rejeta ni moto juu lakini baridi chini katikati, ujue ni tope hilo, na ufunguo mdogo hautafaa kitu. Yapasa fundi aje kuisafisha kwa maji, na kutia dawa ya kuzuia kutu. Hali kadhalika hewa ikirudi kila wiki, usifanye kazi ya kuitoa tu mwaka mzima. Mahali fulani maji yanavuja au kutu inatoa hewa mpya, naye fundi ndiye wa kupatafuta. Na ikiwa rejeta za karibu na mtambo ni moto sana na zile za mbali ni vuguvugu, maji yanapenda njia fupi kama watu wavivu. Fundi hupunguza kidogo koki za karibu, ili na za mbali zipate haki yao.

Nikamwonya kwa jambo moja zaidi: asifungue kamwe mtambo wenyewe wa gesi. Huko Uingereza kazi hiyo hufanywa na fundi aliyeandikishwa kisheria tu, kwa sababu mtambo mbovu hutoa ile ile sumu ya jiko letu. Tena asione haya kumwambia mwenye nyumba. Sheria ya England ya mwaka 1985 humtaka mwenye nyumba aitunze mitambo ya kupasha moto nyumba aliyoipangisha kwa muda mfupi. Mpwa wangu alikuwa ametetemeka siku tisa akidhani kulalamika ni utovu wa adabu wa mgeni. Alikuwa karibu kuwasha jiko kabla ya kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Sasa nirudi kwetu, maana wengi mnaonisikiliza hamna rejeta wala hamtaitaka. Mna jiko. Nalo pia lina njia yake. Wazee wa Ufipa walilijua jambo hili kabla yetu. Waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, ambayo mengine mabaki yake yangali yamesimama nyandani. Lungu kubwa halikuwa na mivukuto. Urefu wake wenyewe uliivuta hewa kupitia matundu ya chini yaliyotiwa mirija ya udongo. Matundu yakiziba, moto hulegea, na jasho la siku nyingi hupotea bure. Nao hawakujenga lungu kati ya nyumba zao. Lilikuwa porini, mbali na mahali pa kulala.

Basi jiko lako likikataa kupata moto, usiongeze mkaa kwanza. Kung'uta majivu. Tazama matundu ya chini kama hayakuzibwa. Angalia kama mlango wake wa hewa uko wazi na kama mkaa wenyewe haukunyeshewa. Rejeta huugua kwa sababu hewa imeingia, na jiko huugua kwa sababu hewa haiingii. Lakini tabibu wa yote mawili ni yule anayetazama kabla ya kutenda.

Na usiku ukifika, ninyi mlio juu Ufipa, na ninyi wa Njombe, na wa Makete, na kila penye baridi, jiko litoke nje. Msiamini mkaa mwekundu usiotoa moshi, maana huo ndio uliotulaza sisi. Msiseme, "Tutaacha upenyo kidogo," kwa kuwa hakuna ajuaye upenyo gani unatosha kwa mtu aliyelala. Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje penye hewa safi, mpelekeni hospitali hata kama amezinduka. Wenye watoto katika mabweni, waulizeni wanalala vipi katika mwezi wa Juni. Wenye watoto ng'ambo, waulizeni vivyo hivyo katika mwezi wa Januari. Msiwaulize habari za masomo peke yake.

Mpwa wangu amemaliza masomo, amerudi. Alipokuja kunisalimu aliniletea zawadi ndogo iliyofungwa kwa karatasi. Nalidhani ni kalamu. Kumbe ni ufunguo wa pembe nne, mdogo kama kidole. Hapa Kirando hauna kazi hata moja, kwa kuwa hakuna rejeta ya nyumba kutoka hapa mpaka sijui wapi. Nimeutundika darasani, ukutani, karibu na ubao, na wanafunzi wapya wakiniuliza ni wa mlango gani, huwapeleka ziwani na kibuyu.

Kwaherini, wasikilizaji wangu. Laleni salama.